Gurudumu la Mbele ni Dhamana Yako

Jumapili alfajiri, kabla ya matatu kuanza kugombania abiria, lami ya Nakuru huwa na sauti nyembamba: mvumo wa matairi na mlio wa minyororo ikibadilishwa gia. Ni waendesha baiskeli wakitoka mjini kwa makundi. Wengine wanaelekea Gilgil, wapite juu ya Ziwa Elmenteita likipata mwanga wa kwanza. Wengine wanashika njia ya Njoro wapande kuelekea Mau Narok, na wengine wanapita Kabarak na Mogotio kuutafuta mstari wa ikweta.

Anayelitazama kundi kutoka kando ya barabara huona starehe. Aliye ndani yake anajua jambo jingine. Mbele yake, kwa umbali wa kama urefu wa mkono, lipo gurudumu la mwenzake. Nyuma yake lipo la mwingine. Barabara yenyewe haioni vizuri. Anachokiona ni mgongo wa aliyemtangulia, na shimo lililo mbele atalijua tu iwapo mwenye mgongo huo atamwambia. Kila kanuni iliyomo katika mwongozo huu, kuanzia ishara ya mkono hadi namna ya kupenga kamasi, inatokana na hali hiyo moja: kuna mtu nyuma yako anayetumia macho yako.

Kwa nini basi watu wakaribiane hivyo? Sababu ni upepo. Kwenye barabara tambarare, kazi kubwa ya mwendeshaji ni kuipasua hewa. Anayejibanza nyuma ya mwenzake kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa huokoa takriban robo ya nguvu zake. Ndiyo maana watu wanane wanaopokezana kukaa mbele wanaweza kufika Naivasha, kilomita 70 hivi kutoka Nakuru, wakiwa bado na nguvu za kurudi, ilhali kila mmoja angekwenda peke yake angefika akiwa hoi.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na watu wengi wa ukanda huu waliona kwa macho yao jinsi kundi kubwa linavyokwenda kama mwili mmoja. Tofauti ni kwamba barabara za Kigali zilifungwa kwa ajili yao. Ya Nakuru haifungwi. Ndiyo njia ya trela zinazotoka Mombasa kwenda Malaba na Busia, na mwendesha baiskeli ni mgeni mdogo kuliko wote humo.

Kabla ya kujiunga

Usije kwenye kundi kujifunza kuendesha baiskeli. Njoo ukiwa umeshajua. Mtu aliye tayari anaweza kwenda kilomita 40 peke yake bila kuteseka, kunywa maji huku akienda, kutazama nyuma kupitia bega la kulia bila baiskeli kuyumba, na kuinua mkono mmoja kutoa ishara akiwa kwenye mwendo. Yote haya yanaweza kufanyiwa mazoezi kwenye barabara tulivu ya mtaa wako kwa wiki mbili.

Kisha uliza. Maswali manne yanatosha: tunakwenda kilomita ngapi, kwa mwendo gani, tutasimama wapi, na anayebaki nyuma anangojwa au anaachwa? Swali la mwisho ndilo muhimu zaidi, na si aibu kuliuliza. Yapo makundi ya mazoezi makali yasiyongoja mtu, na yapo yanayokwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote. Kila moja lina haki yake, lakini mgeni aliyeingia kundi lisilomfaa anajihatarisha na kuwaharibia wenzake safari.

Ukifika, mtafute anayeongoza, umwambie kwamba hii ni mara yako ya kwanza. Atakuweka katikati au karibu na nyuma, nyuma ya mtu mwenye mwendo wa kuaminika. Hapo ndipo shule ilipo. David Kinjah, nahodha wa timu ya baiskeli ya Safari Simbaz, alimfundisha hivyo mvulana mmoja huko Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Mvulana huyo, Chris Froome, alikuja kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kabla ya kuongoza mtu yeyote, alijifunza kufuata.

Baiskeli na mfuko wa nyuma

Usiku wa kuamkia safari, inua baiskeli na uzungushe kila gurudumu. Likigusa breki au likipepesuka, mpelekee fundi. Bana breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele: isisogee. Kagua tairi kwa vidole, si kwa macho tu. Baiskeli mbovu ndani ya kundi inaangusha wengine pia.

Vaa kofia ngumu iliyofungwa chini ya kidevu, na uwashe taa ya nyuma hata mchana. Nakuru saa kumi na mbili asubuhi jua bado halijachomoza, na ukungu wa Mau Summit na Timboroa unaweza kukaa hadi jua limepanda. Beba tyubu mbili, pampu, vibandiko, vifaa vya kubandulia tairi na spana ndogo za baiskeli. Beba kitambulisho, simu yenye chaji, na pesa za kutosha kurudi kwa matatu endapo mambo yatakwenda kombo. Kwenye karatasi ndani ya mfuko, andika jina na nambari ya mtu wa nyumbani, kwa maana simu iliyofungwa kwa nywila haimsaidii msamaria.

Chakula hakihitaji kuwa cha dukani. Ndizi mbili, chapati iliyokunjwa, mayai ya kuchemsha au kipande cha kiazi kitamu vinamtosha mtu saa tatu. Anza kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu.

Ndani ya kundi

Kanuni ya kwanza ndiyo mama: gurudumu lako la mbele ni dhamana yako. Lisikae sambamba na gurudumu la nyuma la mwenzako, hata kwa upana wa kiganja. Yeye akisogea kidogo kukwepa jiwe, tairi lake litagusa lako kutoka ubavuni. Yeye hataanguka, kwa sababu gurudumu la nyuma likiguswa halipotezi mwelekeo. Wewe utaanguka, kwa kuwa la mbele ndilo linaloshika mizani yote, na aliye nyuma yako atakupanda mgongoni.

Kwa kilomita 30 kwa saa, baiskeli inakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukiacha mita moja kati yako na wa mbele, umejipa moja ya nane ya sekunde. Kwa hiyo mgeni aache mita moja na nusu au mbili, hata akipoteza sehemu ya kinga ya upepo. Usiukazie macho mpira wa tairi lililo mbele yako. Tazama mabega ya aliyetangulia, na kupitia bega lake umtazame wa mbele zaidi, ili breki ya mtu wa kwanza uione kabla haijakufikia.

Enda mstari ulionyooka na mwendo usiobadilika. Ukikaribia mno, acha kukanyaga kwa nusu mzunguko au inua kifua kidogo upepo ukupunguze mwendo. Breki iguswe kwa upole na mara chache. Ukitaka kusimama kwenye pedali, fahamu kwamba wakati huo baiskeli hurudi nyuma kidogo, na umbali huo mdogo unamtosha mwenzako kukugonga. Ongeza gia moja, simama huku mguu ukiwa unakandamiza chini, usiache nguvu ikatike.

Zamu ya mbele ndipo wageni wengi wanapokosea, na wanakosea kwa nia njema. Mtu akifika mbele, anajaa hamasa na kuongeza mwendo ili aonekane ana mchango. Kundi linakatika. Zamu inapokufikia, shika mwendo uleule ulioukuta, kaa dakika moja au mbili, kisha tazama nyuma, ujitoe upande uliokubaliwa na kundi, upunguze nguvu hadi wote wapite, na uingie mkiani. Gari likiwa linakuja nyuma, ngoja lipite kwanza. Aliyechoka asipokee zamu kabisa. Apite moja kwa moja, na hakuna wa kumlaumu.

Vipokea sauti vya masikioni vibaki nyumbani. Simu ikilia, iache ilie. Anayetaka kutema mate au kupenga kamasi asogee mwisho wa kundi. Ganda la ndizi na karatasi ya biskuti vinarudi mfukoni.

Lugha ya mikono na sauti

Kundi lina maneno machache, na kila anayeyasikia huyapitisha nyuma. "Shimo!" huku kidole kikionyesha upande lilipo. "Tuta!" maana matuta mengi ya vijijini hayana rangi. "Gari nyuma!" ikitoka mkiani kwenda mbele, "gari mbele!" ikitoka mbele kwenda mkiani. "Polepole!" huku kiganja kikishushwa na kupandishwa. "Nasimama!" kabla ya kusimama, si baada yake. Mkono ukipitishwa nyuma ya kiuno kuelekea kulia, maana yake ni kwamba kushoto kuna kitu: gari lililoegeshwa, mkokoteni wa punda, mama anayepanga viazi vyake kwenye debe.

Mikono yote miwili ikiwa inahitajika kwenye breki, sauti inatosha. Usiachie usukani juu ya mashimo ili kutimiza ishara.

Barabara zenyewe

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret ndiyo inayohitaji heshima kubwa. Kuelekea magharibi kutoka Nakuru, sehemu ya Salgaa hadi Mau Summit ina mteremko mrefu ambako breki za malori zimekuwa zikishindwa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, katika barabara ya kwenda Kericho, trela iliacha njia na kuua watu 52, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama kando. Kundi lenye busara halizifanyi sehemu hizo kuwa uwanja wa mazoezi. Upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na penye ujenzi huwa kuna kokoto, njia za muda na mitambo. Ulizia hali ya njia siku moja kabla ya kutoka.

Popote kwenye barabara kuu, kundi liende mstari mmoja kwenye ukingo wa lami, na likizidi watu wanane au kumi ligawanywe mara mbili, nafasi ya kutosha gari kuingia ikiachwa katikati. Trela ikipita, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta ndani. Legeza viwiko, shika usukani bila kuukaza, usikanyage breki. Kuanzia Mbaruk hadi Gilgil tazama nyani, wanaokaa kando ya lami wakingoja chakula kinachotupwa na wasafiri. Ukikaribia Naivasha, pundamilia nao huvuka. Kikopey kuna nyama choma, na kwa hiyo kuna magari yanayokata kona ghafla kuingia na kutoka.

Njia ya Mogotio ina mtego wa aina yake. Kutoka Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara inashuka kupitia Kabarak hadi mashamba ya mkonge. Kilomita 40 hivi kufika ikweta zinakwenda kwa raha, watu wanapiga soga, chupa za maji haziguswi. Halafu wanageuka. Saa nne jua limekwisha kuwaka, na mteremko wote ule sasa ni mlima. Hapo ndipo wageni wanapokauka. Anayeongoza kundi kwenda Mogotio apange kituo cha maji mjini hapo, na wageni wanywe wakati wa kushuka.

Njia ya Njoro, inayopita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, ni tulivu zaidi, lakini asubuhi huwa na wauza maziwa, matrekta na wanafunzi. Ukikuta reli inakatiza barabara, ivuke kwa pembe mraba, baiskeli ikiwa imenyooka, na usipige breki juu ya chuma, hasa mvua inaponyesha. Njia ya Subukia kwenda Nyahururu ina mandhari ya kuvutia kuliko zote na miteremko mikali kuliko zote. Mwanzoni mwa Oktoba mahujaji wa Kikatoliki huelekea kwa wingi kwenye madhabahu ya Bikira Maria huko Subukia. Siku hizo chagua njia nyingine au uende mwendo wa kutembea.

Kupanda na kushuka

Mlimani kundi hutawanyika, na hilo ni sawa. Kila mtu apande kwa pumzi yake. Walio mbele wasimame juu, nje kabisa ya lami, na wasiondoke mara tu wa mwisho anapofika. Yeye ndiye anayehitaji kupumzika kuliko wao. Njia panda yoyote ni kituo cha kungojana, ili asipotee mtu.

Kushuka, nafasi kati ya baiskeli iongezwe hadi mita kumi au zaidi. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Pedali ya upande wa nje iwe chini. Usivuke mstari wa katikati kwa sababu yoyote. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendesha baiskeli bora ambao Kenya imepata kuwa nao, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi katika mashindano ya Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa na ujuzi ambao wengi wetu hatutaufikia, na aliupata kwenye barabara za Bonde la Ufa hili hili. Kwenye mteremko, hakuna haja ya kumpita mtu wala kumthibitishia mtu.

Wengine walio barabarani

Kabla ya baiskeli za kaboni kufika Nakuru, barabara hizi zilikuwa za Black Mamba, baiskeli nzito za chuma zilizobeba maziwa, makaa, kabichi na watoto wa shule. Bado zipo. Mzee mwenye mtungi wa maziwa nyuma hawezi kusimama ghafla wala kusogea ghafla, na hajui kwamba watu kumi wanamjia kwa kasi maradufu ya yake. Mwite mapema kwa sauti ya kawaida: "Habari ya asubuhi, mzee, tunapita kulia." Mpe nafasi pana, na wa mwisho katika kundi amshukuru. Usimpigie kelele atoke njiani. Njia ni yake kabla ya kuwa yako.

Matatu ikisimama mbele, mtu yeyote anaweza kushuka upande wowote; punguza mwendo. Dereva akikungojea upite, inua mkono kumshukuru. Akikutukana, nyamaza. Hasira ya mtu mmoja huwarudia wenzake Jumapili ijayo, dereva yuleyule atakapokutana na kundi jingine.

Pancha na ajali

Pancha ikitokea, sema, inua mkono, usogee nje polepole. Kundi zima litoke kwenye lami, si nusu ya watu wakiwa wamesimama barabarani wakitoa ushauri. Wawili wanafanya kazi, mmoja anatazama magari.

Kosa linalorudiwa ni kutia tyubu mpya bila kutafuta kilichoitoboa ya kwanza. Kwenye barabara kuu, mara nyingi ni waya mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Upande wa Mogotio na Elmenteita ni mwiba wa mgunga. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitakwama mahali ulipo. Uchomoe kwa kucha au kwa ncha ya spana, kisha upitishe tena. Dakika hizo mbili zinaokoa tyubu ya pili.

Mtu akianguka, mlinde kwanza dhidi ya magari. Mmoja arudi nyuma hatua mia moja kupunga mkono, na matawi yawekwe barabarani kama madereva wa Kenya walivyozoea. Aliyeumia asinyanyuliwe kwa haraka na asivuliwe kofia akilalamika shingo au akiwa amepoteza fahamu. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, utaje mahali kwa alama inayojulikana: kituo cha mafuta, shule, daraja. Kofia iliyogonga lami haivaliwi tena hata kama haina ufa unaoonekana.

Kabla ya kutawanyika

Anayechunga mkia wa kundi, yaani aliye wa mwisho, huhesabu watu mnaporudi mjini, na hesabu ilingane na ya alfajiri mlipoondoka. Ukiamua kukata kona kwenda kwako Njoro au Bahati kabla ya wengine, mwambie mtu kwa jina, tena asikie na akujibu. Kundi limewahi kurudi nyuma kilomita nyingi kumtafuta mwenzao aliyekuwa ameshafika nyumbani anakunywa chai.

Ukipewa tyubu njiani, nunua nyingine na uirudishe kabla ya safari inayofuata. Muulize aliyekuwa nyuma yako kama ulimpa taabu yoyote, na umsikilize bila kujitetea. Yeye ndiye aliyekutazama saa tatu nzima. Kisha tuma ujumbe kwamba umefika, upanguse mnyororo, na utie taa kwenye chaji.